Kompyuta ya Nyumbani na Wageni Wasiopiga Hodi

Ada ya watu wa pwani ni kuwa nyumba ya mtu haiingiwi kabla ya hodi. Mgeni husimama nje ya kizingiti, akatoa salamu, akangoja; na akibisha mara tatu asijibiwe, hurudi zake bila kinyongo. Ndani ya nyumba yenyewe, mtoto aliyepata akili hufunzwa kuubisha mlango wa wazazi wake kabla ya kuufungua. Adabu hizi hatukuzibuni sisi. Sura An-Nur imezieleza, ikataja hata nyakati ambazo watoto wa nyumbani hawana budi kuomba ruhusa.

Hata hivyo, katika majumba yetu ya leo uko mlango mmoja usio na kizingiti wala pazia, nao ni kompyuta iliyo juu ya meza ya sebuleni. Kwa mlango huo huingia wageni ambao hakuna aliyewakaribisha: pau za zana zinazojipachika juu ya kivinjari, programu za matangazo, na zile zilizo mbaya kuliko zote, programu za ujasusi. Hukaa kimya, wakasoma, wakanukuu, kisha wakapeleka habari za nyumba kwa watu tusiowajua. Makala haya yanaeleza wageni hao ni akina nani, wanaingiaje, na vipi mama wa nyumbani au kijana wake anaweza kuwatoa kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa nini jambo hili linatuhusu Tana River

Huku kwetu kompyuta si pambo tena. Mkaazi wa Garsen mwenye haja ya ofisi kubwa ana safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi Malindi, ama aelekee kaskazini hadi Hola, makao makuu ya kaunti. Wa Ngao, Tarasaa au Kipini naye ana safari yake kabla hata ya kuifikia barabara kuu. Mvua zikizidi, mto hauna msamaha: mwishoni mwa mwaka 2023, na tena katika masika ya 2024, mafuriko yaliikata barabara ya Madogo na Garissa, na wasafiri wakakwama pande zote mbili.

Ndiyo maana kompyuta moja ya nyumbani, ikiungwa na bando ya simu, huokoa nauli na siku nzima ya kazi. Kwayo familia huanzisha maombi ya pasipoti na vyeti kupitia eCitizen, huwasilisha marejesho ya kodi kwa KRA, huomba nafasi za vyuo kupitia KUCCPS na mkopo wa masomo wa HELB, na husimamia uanachama wake katika SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Dada anayetafuta kazi Ghuba huhifadhi humo nakala ya pasipoti na mkataba wake. Mwenye kuuza maembe au mchele huweka humo hesabu zake na majina ya wadeni. Na katika folda moja iliyo pembeni zimo picha za harusi, zile zilizopigwa upande wa wanawake, ambazo hazikukusudiwa jicho la mwanamume asiye maharimu.

Yote hayo ni amana. Anayeiachia kompyuta yake mlango wazi hahatarishi mashine tu, bali huihatarisha sitara ya watu wa nyumba yake.

Wageni hawa ni akina nani

Aina ya kwanza ni upau wa zana, yaani ule utepe wa vitufe na kisanduku cha kutafutia unaokaa juu ya kivinjari. Asili yake haikuwa mbaya. Kampuni ya Google ilitoa wa kwake Desemba 2000, na watu wakaupenda kwa kuwa uliwarahisishia kutafuta. Kisha wafanyabiashara wakagundua kuwa anayemiliki utepe ule anamiliki macho ya mtumiaji: anaweza kubadilisha ukurasa wa kwanza, kuelekeza kila utafutaji kwake, na kulipwa kwa kila tangazo linalobofywa. Kwa miaka mingi upau wa Ask ulikuja umefungwa pamoja na programu ya Java, na asiyeondoa alama ya tiki kwenye kisanduku kidogo aliupata bila kuuomba. Mwezi Juni 2015 Microsoft iliyaingiza matoleo ya zamani ya upau huo katika orodha ya programu zisizotakiwa. Leo pau za namna hiyo zimepungua, ila wajukuu wake wapo, nao ni viendelezi vya kivinjari: vijiprogramu vinavyojitia ndani ya Chrome, Edge au Firefox kwa ahadi ya kutafsiri, kupakua video, au kubashiri hali ya hewa.

Aina ya pili ni programu za matangazo. Hizi huchomoza vidirisha hata pale ambapo hakuna tovuti iliyofunguliwa, na kwa kuwa kila tangazo hupakuliwa kwa intaneti, huila bando ya familia kama mchwa alavyo mbao.

Aina ya tatu ni programu za ujasusi. Ziko zinazonukuu kila kitufe kinachobonyezwa, nywila zikiwemo. Ziko zinazopiga picha ya skrini kila baada ya muda. Na ziko zinazoweza kuiwasha kamera ya kompyuta bila ya mwenyewe kujua.

Yaliyowapata wengine

Asiyeamini kuwa haya hutokea majumbani na atazame kesi mbili za Marekani. Mwezi Septemba 2012, Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilifikia mapatano na kampuni ya DesignerWare na maduka saba yaliyokuwa yakikodisha kompyuta kwa malipo ya awamu. Ndani ya kompyuta hizo ilikuwamo programu iliyoweza kunukuu vitufe, kupiga picha za skrini, na hata kuwapiga picha watu kwa kamera wakiwa majumbani mwao. Miongoni mwa walionaswa walikuwamo watoto, na watu wasiovaa nguo za kutosha. Waliikodisha mashine kwa halali, wakaipeleka nyumbani, na jicho la muuzaji likaenda pamoja nayo.

Kesi ya pili ni ya programu iliyoitwa Blackshades, ambayo iliuzwa kwa takriban dola 40. Kwa bei hiyo, kijana yeyote asiye na ujuzi mkubwa aliweza kuitawala kompyuta ya mtu mwingine, akasoma faili zake na kuifungua kamera. Ilipofika Mei 2014, polisi wa nchi nyingi wakishirikiana na FBI waliwakamata watu wapatao 100, na ikatajwa kuwa kompyuta zaidi ya nusu milioni katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeambukizwa.

Wala kompyuta mpya kutoka kiwandani si kinga. Mwezi Februari 2015 ilibainika kuwa baadhi ya kompyuta za Lenovo zilikuwa zimeuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyojiweka baina ya mtumiaji na tovuti zake, hata zile zenye alama ya kufuli. Basi ikiwa mpya kutoka dukani yaweza kuja na mgeni, itakuwaje kompyuta ya mtumba, iliyopitia mikono mitatu au minne kabla ya kufika Garsen?

Njia wanazopitia

Njia ya kwanza ni haraka. Mtu hupakua programu ya bure, kisha hubofya kitufe cha kuendelea mara tano bila kusoma, na katika kubofya huko hukubali mambo manne ambayo hakuyataka.

Njia ya pili ni programu za wizi. Fundi anayekuwekea Windows au Office isiyolipiwa, aghalabu huivunja kufuli yake kwa kijiprogramu alichokiokota mtandaoni, na vijiprogramu hivyo ni gari mashuhuri la ujasusi. Ukiacha suala la kula haki ya mwenye kazi, ununuzi huo wa bei rahisi huweza kugharimu zaidi ya bei halali.

Njia ya tatu ni flashi. Ukitoka nayo saiba, mahali ambapo kila mtu ameichomeka ya kwake, ichunguze kwa programu ya ulinzi kabla ya kufungua chochote.

Njia ya nne ni hofu. Kidirisha chekundu hulia kikisema kompyuta ina virusi mia na kukutaka upige nambari fulani au upakue dawa papo hapo. Tovuti haiwezi kujua kilichomo ndani ya mashine yako. Kidirisha hicho ndicho ugonjwa. Dawa yake ni kukifunga.

Dalili

Mambo haya yakionekana, chukulia kuwa nyumba imeingiliwa. Ukurasa wa kwanza wa kivinjari umebadilika bila wewe kuubadilisha, na ukiurudisha hubadilika tena. Utafutaji wa Google huishia katika tovuti usiyoijua. Matangazo ya kamari au ya aibu huchomoza pembeni mwa skrini. Bando ya wiki inakwisha siku ya pili. Kompyuta hupata joto na feni huvuma ilhali hakuna kazi inayofanyika. Taa ya kamera huwaka pasi na mtu kuzungumza kwa video. Na katika menyu ya Chrome pameandikwa kuwa kivinjari kinasimamiwa na shirika, nawe huna shirika lolote isipokuwa familia yako.

Zingatia lakini kuwa jasusi hodari hana dalili. Kwa hivyo usafi wa kompyuta na ufanywe kwa ratiba, kama ufanyavyo usafi wa tangi la maji, bila kungoja harufu.

Kung'oa pamoja na mizizi

Watu wa Tana River wanaujua vyema mti wa mathenge. Uliletwa Bura mapema katika miaka ya 1980 kwa nia njema, ili utoe kuni na kivuli na kuizuia ardhi isimomonyoke. Leo umeziba malisho na njia za mifugo kuelekea mtoni. Na kila mfugaji anajua kuwa mathenge uliokatwa kwa panga juu ya ardhi huchipuka tena kutoka katika kisiki. Programu hizi ni vivyo hivyo. Kuufunga upau wa zana ni kukata tawi. Kama kisiki kimebaki, kesho utauona. Hatua zifuatazo zapaswa kufuatwa kwa mpangilio wake, nazo zimeandikwa kwa kompyuta yenye Windows 10 au 11, kwa kuwa ndizo zilizo nyingi majumbani.

Kwanza, hifadhi amana. Chomeka diski ya nje au flashi safi, unakili nyaraka na picha peke yake. Usinakili programu wala faili za kusakinisha, maana huenda ndimo adui alimojificha. Ukimaliza ichomoe, kisha ukate intaneti.

Pili, kagua orodha ya programu. Fungua mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya programu zilizosakinishwa, na uipange orodha kwa tarehe. Tazama zilizoingia siku ambazo matatizo yalianza. Usiyoiomba na usiyoijua, iondoe. Iwapo una shaka juu ya jina fulani, liandike katika simu yako na ulitafute kabla ya kufuta, kwa sababu ziko programu zenye majina ya ajabu ambazo ni za mashine yenyewe, kama zile za kamera, sauti na printa.

Tatu, safisha kivinjari. Kama Chrome imeunganishwa na akaunti ya Google, zima kwanza ulandanishi. Ukiuacha, kiendelezi kibaya ulichokifuta kitashuka tena kutoka kwenye akaunti. Hiki ndicho kisiki ambacho wengi hukisahau. Kisha andika chrome://extensions katika sehemu ya anwani, au edge://extensions kwa Edge, au about:addons kwa Firefox, na uondoe kila kiendelezi kisicho na kazi unayoijua. Rudi katika mipangilio, urejeshe ukurasa wa kwanza na injini ya kutafutia unayoitaka. Ingia pia sehemu ya arifa na ufute tovuti zote zilizopewa ruhusa ya kutuma arifa. Matangazo mengi ya pembeni mwa skrini hutoka huko. Mambo yakiwa bado, tumia kitufe cha kurejesha mipangilio ya awali ya kivinjari. Kitufe hicho hakifuti nywila wala kurasa ulizozialamisha.

Nne, tazama alama ya kivinjari iliyo kwenye skrini. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, na usome mstari unaoonyesha mahali programu ilipo. Ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa mwisho wa mstari huo, ndiyo sababu ya ukurasa wa kigeni kufunguka kila mara. Ifute anwani hiyo na uhifadhi, ama uifute alama nzima na utengeneze nyingine.

Tano, kagua zinazoamka pamoja na mashine. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, fungua sehemu ya programu za kuanzia, na uzime usizozijua.

Sita, fanya uchunguzi kamili. Windows ina mlinzi wake mwenyewe, Defender, asiyehitaji malipo. Unganisha intaneti, msasishe, kisha uagize uchunguzi kamili wa mashine yote. Huenda ukachukua saa kadhaa, basi uanze usiku na kompyuta ikiwa kwenye chaji. Baada yake agiza uchunguzi wa nje ya mtandao. Kompyuta itajizima, itajiwasha upya, na Defender itachunguza kabla Windows haijaamka, wakati ambapo jasusi hana pa kujificha. Huchukua takriban dakika 15. Hifadhi kazi zako kabla ya kuanza.

Saba, ongeza fagio la pili. Programu ya AdwCleaner ya kampuni ya Malwarebytes ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Kazi yake mahususi ni kuondoa pau za zana na programu za matangazo. Ipakue katika tovuti ya Malwarebytes yenyewe, wala si kwingineko, maana wako wanaowauzia watu ugonjwa kwa jina la dawa.

Hatua zote zikishindikana, iko ya mwisho: kuirejesha Windows upya, kitendo kinachopatikana ndani ya mipangilio kwenye sehemu ya urejeshaji. Ukiwa na hofu kuwa nywila au picha zimenukuliwa, chagua kufuta kila kitu. Hii ndiyo hatua inayofaa pia kwa kila kompyuta ya mtumba siku ya kwanza inapoingia nyumbani, kabla ya kuandika humo jina la mtu yeyote.

Badilisha kufuli

Mwizi akitolewa nyumbani na ufunguo ukabaki mfukoni mwake, kazi ni bure. Baada ya kusafisha, badilisha nywila zote. Usizibadilishe kabla, kwani jasusi atanukuu na mpya. Ukiwa na haraka, tumia simu au kompyuta nyingine unayoiamini. Anza na barua pepe, kwa sababu atakayeishika barua pepe yako ataweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote. Kisha eCitizen, KRA, HELB, benki na mitandao ya kijamii. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kila unapopatikana. Nambari ya siri ya M-Pesa haiandikwi kamwe kwenye kompyuta. Mahali pake ni kwenye simu yako tu, na tovuti inayokutaka uiandike kwenye ukurasa wake ni ya matapeli.

Jasusi wa ndani ya nyumba

Hatuwezi kulifunga jambo hili bila kulisema lililo zito. Si kila programu ya ujasusi hutoka mbali. Nyingine huwekwa na mkono wa mtu wa karibu: mume anayemchunguza mkewe, mke anayemchunguza mumewe, shemeji, au mchumba wa zamani aliyeachiwa kompyuta kwa siku moja. Programu hizi huuzwa waziwazi, mara nyingi kwa kisingizio cha kulinda watoto.

Mafundisho ya dini hayana utata hapa. Aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat imekataza kupelelezana, na imeutaja upelelezi pamoja na dhana mbaya na kusengenyana. Mpangilio huo una mazingatio: dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa maneno. Ndoa iliyofika mahali pa kuhesabiana vitufe haiponywi na programu. Inahitaji mazungumzo, na ikibidi, wasuluhishi wawili wa kutoka pande mbili.

Kwa dada anayeshuku kuwa anachunguzwa na mtu anayemwogopa, neno la tahadhari: usikimbilie kuifuta programu. Kuifuta humjulisha aliyeiweka. Tumia kwanza simu ya mtu mwingine kumweleza mtu unayemwamini, panga usalama wako, kisha ndipo ushughulike na mashine.

Na akitokea mtu akatishia kusambaza picha zako, usimlipe, kwa kuwa malipo ya kwanza huwa ndiyo mlango wa ya pili. Usifute ujumbe wake. Uhifadhi, kwani ni ushahidi. Mwambie mzazi, kaka au mtu mzima wa familia mwenye busara. Na kwa wazazi: binti anayekuja na habari hii amekuja kutafuta hifadhi. Akipokewa kwa ukali, mara nyingine hatakuja, na anayemtisha atakuwa amepata alichokitaka.

Sheria ya nchi

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo ya nyumba yake, habari za familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamhesabu kuwa mkosaji anayeingia katika kompyuta ya mwenzake bila idhini. Adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inaadhibu usambazaji wa picha za siri za mtu, kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iliunda Ofisi ya Kamishna wa Data, ambako raia anaweza kulalamika habari zake zikitumiwa vibaya na kampuni au taasisi. Malalamiko ya jinai hupelekwa kituo cha polisi kilicho karibu. Omba nambari ya kuandikishwa na uihifadhi.

Mazoea ya kuihifadhi nyumba

Kila mtu wa nyumba awe na akaunti yake ndani ya kompyuta, na akaunti za watoto ziwe za kawaida, zisizo na uwezo wa kusakinisha programu. Nywila ya msimamizi abaki nayo mama au baba. Kamera ifunikwe kwa kipande cha karatasi na gundi wakati haitumiki. Picha za sitara zisikae katika kompyuta ya pamoja. Ziwekwe katika diski ya nje inayofungiwa kabatini. Kompyuta inapopelekwa kwa fundi, picha na nyaraka ziondolewe kwanza, na akaunti zote zifungwe.

Usasishaji wa Windows usiahirishwe kwa kuogopa bando. Ni heri kusubiri bando ya usiku iliyo nafuu kuliko kuacha ufa ukutani. Wenye Windows 10 wajue kuwa Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa toleo hilo tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inayokubali Windows 11 na ihamishwe. Isiyokubali, inaweza kupewa mfumo wa bure kama Linux Mint, unaofaa kwa kompyuta za zamani na kutosheleza mahitaji ya kuandika, kusoma na kutumia tovuti za serikali.

Mwisho, mfunze mmoja wa mabinti wa nyumbani kazi hii. Fundi mwanamume wa mjini hawezi kuitwa kila wiki, wala si kila kilichomo katika kompyuta ya familia kinachofaa kuonekana naye. Hatua saba zilizotajwa hapo juu zinahitaji asubuhi moja ya Jumamosi na subira kidogo. Akizifanya mara moja mbele ya mama yake, mara ya pili atazifanya peke yake, na mara ya tatu ataitwa na majirani.

Mwenyezi Mungu azihifadhi sitara za majumba yetu. Amin.